Sikupaka Matumbawe Chokaa

Jamani, najua mmeshaipata ile habari. Rafiki yangu ana mdomo usio na mlango, na tangu juzi usiku anatangaza kwamba nimepaka chokaa, kama ukuta, matumbawe ninayofuga nyumbani kwenye tangi la maji ya bahari. Uongo. Sikupaka. Nilimwaga.

Mliokuwa nami wiki zote hizi mnajua nilivyokuwa sina usingizi kwa ajili ya kalsiamu. Kila nikipima napata 320, na matumbawe yanataka miligramu 380 hadi 450 kwa lita, la sivyo yatajengea nini mifupa yao? Rafiki akasema: "Ndugu, tangi la lita 200, vipande sita vya matumbawe. Badilisha maji, nenda kalale." Nikamdharau. Ushauri ulikuwa mwepesi mno kwa mtu aliyeteseka kama mimi.

Basi nikatafuta njia ya kuongeza kalsiamu. Mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi wa kuyeyushia changarawe yenye kalsiamu niliuogopa. Chochote chenye mtungi nakiogopa. Dawa ya chupa mbili, moja ya kalsiamu na moja ya alkali, ina sharti kwamba ukizimimina pamoja zinagandana na kuwa unga mweupe. Najijua. Ningezimimina pamoja siku ya kwanza. Ndiyo maana nikachagua maji ya chokaa: ndoo moja, mpira mmoja mwembamba, tone baada ya tone usiku kucha. Usiku pH ya tangi (kipimo cha asidi na alkali ya maji) hushuka, na chokaa huipandisha kwa sababu yenyewe ina pH ya 12 na ushee. Hiyo 12 ishikeni.

Juzi nikakoroga ndoo yangu. Mashapo sikuyasubiri yatuame, nilikuwa na haraka ya kuwa mtaalamu. Nikatundika ndoo juu ya tangi, nikafungua koki mpaka mwisho ili hewa itoke mpirani. Hewa ikatoka. Simu ikaita.

Ni yule rafiki, kwa video. Tukabishana iwapo kweli nahitaji chokaa. Nilikuwa na hoja siku hiyo! Nimeligeuzia tangi mgongo, mkono mmoja unapunga hewani, namfundisha kemia mtu aliyenifundisha kemia. Mwishoni nikamwambia, "Ngoja nikuoneshe maji yalivyo safi," nikageuza simu bila mimi mwenyewe kugeuka.

Kimya.

"Ndugu, kamera yako ina uchafu."

Nikaifuta kwa shati. Nikaielekeza tena huko nyuma.

"Bado."

Nikapulizia pumzi, nikafuta tena, taratibu, kwa ile pembe safi ya shati. (Mnaocheka, chekeni tu, lakini ninyi pia mngefuta.) Nikamuuliza, "Sasa?" Akasema, kwa sauti ya chini ya mtu aliye msibani, "Geuka."

Nikageuka. Tangi lilikuwa maziwa. Si ukungu, maziwa. Matumbawe hayaonekani, mawe hayaonekani, taa yenyewe inang'aa kama mwezi nyuma ya wingu. Kisha samaki mmoja akajitokeza taratibu hadi kwenye kioo, akanitazama, mdomo unafunguka na kufunga, halafu akarudi kinyumenyume kwenye weupe wake kama aliyeghairi kusema jambo.

Nikaikimbilia koki. Nikaizungusha upande ambao haifungi. Nikaizungusha zaidi, kwa nguvu, upande uleule. Nikaamua kuung'oa mpira, na sasa chokaa ikaacha kuingia tangini ikawa inaingia kifuani kwangu. Kutoka sakafuni nilikoitupa simu nikasikia ile sauti ndogo ya mtu anayepiga picha ya skrini.

Yaliyofuata ni mbio tu. Nusu ya ndoo ilikuwa imeshaingia, pH 9.1. Nikabadilisha maji lita 40, nikaweka siki kidogo kidogo huku napima, nikawasha kila pampu niliyo nayo. Kulipokucha ni 8.4. Samaki wote wazima. Tumbawe moja limejikunja na halitaki kuzungumza nami.

Jana rafiki akaja na kipimo chake cha kalsiamu. Tukachota maji kwenye kikombe kimoja, kila mtu apime. Mnakijua kile kipimo: maji yanakuwa ya waridi, unadondosha dawa kwa bomba la sindano mpaka yageuke bluu, kisha unasoma dawa iliyotumika. Nikadondosha, nikaacha, nikasoma: 320.

"Mbona umeacha?"

"Si imeshakuwa bluu."

Akakitazama kichupa. Akanitazama mimi. "Ndugu, hiyo ni zambarau."

Chake kilisoma 425.

Wiki tatu zile nilikuwa natibu tangi lisiloumwa. Na hii sehemu yeye bado hajaisimulia, kwa hiyo naisema mwenyewe kabla haijanifikia ikiwa na mkia.

Leo asubuhi nimekuta kibandiko kwenye kioo cha tangi, rangi imekolea, mwandiko wake: HII NDIYO BLUU. Nimekiacha palepale. Jumamosi nitapima tena, na nitakihitaji.