Mimba ya sponji imeniharibia Kirumba

Mi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na kupunguza suruali za watu waliokonda, hayo ndo maisha yangu hapa Kirumba, Mwanza, na sikuwa na ugomvi na mtu. Naanza na hilo ili mjue mnaongea na nani kabla hamjabeba maneno ya huko mwaloni, kwenye soko la samaki pale ziwani.

Kuna kijana mtaani kwetu anatengeneza filamu kwa simu. Simu yenyewe imepasuka mgongo, lakini usipomuita direkta haitiki. Akaja kibandani anataka nimshonee mimba. Yaani tumbo la miezi minane, la kufunga na kamba kiunoni, muigizaji alivae ndani ya dera. Nikachomoa sponji ya kochi la nyumbani, nikaikata, nikaizungushia kitambaa, nikaiwekea na kitovu kabisa maana mi kazi nusu nusu siwezi. Bei elfu nane. Akanipa elfu tatu, nyingine eti mpaka filamu itoke.

Siku ya kushuti yule wa kuigiza mume hakutokea, kapata kibarua cha kubeba tofali Buswelu, mwenye akili kuliko wote katika hadithi hii. Direkta akaniangaliaaa, akasema fundi, wewe una sura ya mtu wa kutelekeza. Nikajua ni sifa! Kazi yenyewe sini moja tu, unashuka na begi unaelekea kwenye mtumbwi wa visiwani, binti analia nyuma yako, unageuka unasema "mimba si yangu", unapanda, basi.

Nikamuuliza, kibali je? Akasema kibali ni mambo ya Bodi ya Filamu, hela hana, tutaenda kimya kimya nani atajua. Ile Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, inamzidi direkta umri mara mbili, ila yeye anaiongelea kama mdogo wake wa mwisho. Kwa ujanja nampa maksi lakini. Simu kaiweka ndani ya boksi la biskuti lenye tundu, msaidizi wake kalikumbatia kama machinga, kimaiki kakibana ndani ya kola yangu, taa hamna, taa ni jua la jioni linavyozama ziwani. Na akachagua siku za mbalamwezi, kwa hesabu kwamba wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo hawaendi kazini na mwaloni kutakuwa kweupe.

Sasa mtu asiyeenda kazini yuko wapi? Si yuko pale pale mwaloni! Tulikuta wanaume wamekaa kwenye kingo za mitumbwi yao, wamecheza drafti mpaka wamechoka, wanatafuta cha kuangalia.

Nikashuka na begi. Binti akaanza kulia, na yule binti anajua kulia jamani, mpaka kamasi. Nikageuka nikasema mimba si yangu.

Kukawa kimya. Hata wale makorongo wanaogombania matumbo ya samaki naona kama walitulia. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta dagaa akashusha ungo, akasema, "We baba, hebu rudia."

Mi nikadhani ndo direkta anataka tena. Nikarudia. Kwa sauti kubwa zaidi.

Dagaa zote zile zikanimwagikia kichwani, ungo ukafuata. Nikaruka ndani ya mtumbwi, wanaume wanne wakaushika wakauvuta na mimi ndani mpaka nchi kavu kama sangara. Napiga kelele hii ni filamu jamani, ni filamu! Mzee mmoja akanijibu taratibu, filamu ni ya kwako, sisi tunachoona ni mimba. Nikanyoosha kidole kwa mwenye boksi ili awe shahidi, nikamkuta anamrudishia mteja chenji, yaani kauza biskuti kweli. Direkta yuko nyuma ya magunia kanyamaza, akisema "kata" atajulikana. Na binti anazidi kulia! Nilipomuuliza baadaye akasema alikuwa ndani ya uhusika.

Wakamchangia. Elfu kumi na nne na mia tano, ikafungwa kwenye pindo la kanga, na kopo la dagaa wakavu wa kuongeza damu. Ile hela direkta kaichukua, kaiita bajeti ya sini inayofuata. Mi nilipata magamba sikioni.

Nyumbani habari ilifika kabla yangu. Mke wangu kaambiwa kwenye kikoba kwamba mumeo kampa mimba binti na kamkana hadharani. Nikapiga magoti nikamwambia mama watoto ile mimba ni sponji, nimeishona mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akageuka kuangalia kochi. Hapo ndo ugomvi ulianza. Mpaka leo sikai upande ule, nakaa kwenye mbao.

Na filamu haijatoka, kwa hiyo ushahidi sina. Wiki ya saba hii. Bodaboda wakiniona wananiita Baba Kijacho. Mteja kachukua kitambaa chake cha harusi kabla sijakikata, anaogopa mkosi. Mama ntilie ninakokula mchana ndo kabisa, nikimpa elfu tatu kwa ugali na sato wa elfu mbili na mia tano, ile mia tano hairudi, anaitia kwenye kopo la maziwa, anasema ni ya yule binti, we si umekataa kulea. Nimeeleza sponji, nimeeleza kitovu, nikamletea mpaka kipande kilichobaki, akakichukua anakalia.

Jana nikanawa, nikakaa, kabla hajapakua akaniuliza, haya, kajifungua mtoto gani?

Nilikuwa na njaa. Nikamwambia wa kike.

Akafurahi kweli, akaniongezea mchuzi, halafu akakata elfu nzima. Eti pampasi zimepanda bei.