Kupanga Karibu au Kuhamia Pembezoni: Hesabu ya Mgeni wa Dar es Salaam

Mkazi wa Magomeni akipanda gari kwenda Posta, katikati ya jiji, husema anakwenda mjini, ingawa kwa mtu yeyote anayeitazama ramani, mkazi huyo tayari yumo mjini. Mkazi wa Bunju, aliye kama kilomita 30 kutoka Posta, naye husema anakwenda mjini hata kama safari yake inaishia Mwenge. Ndiyo maana mtu anayehamia Dar es Salaam akitokea Mbeya, Mwanza au Tabora hupewa ushauri unaopingana: kila mshauri hupima umbali kuanzia mlangoni pake, na kila mmoja ana uamuzi wa miaka iliyopita anaotaka kuutetea.

Wanaomshauri apange karibu, yaani Ilala, Upanga, Kinondoni, Magomeni au Sinza, humtajia muda. Wanaomshauri aende pembezoni, iwe Goba, Madale, Kibamba, Chanika, Chamazi au Kigamboni, humtajia kiwanja. Wote wanasema kweli, ila hawazungumzii jambo moja. Mahali pa kuishi ni suala lake na mahali pa kumiliki ni suala lake, na kwa niliyoyaona, wengi wanaojuta ni wale walioyaamua yote mawili kwa pamoja katika mwaka wao wa kwanza mjini.

Pembezoni hazikuwa siku zote kimbilio la mtu wa kipato cha kawaida. Enzi za ukoloni mji huu uligawanywa kwa rangi za watu, na majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yanatunza kumbukumbu hiyo. Oysterbay, kando ya bahari na mbali na msongamano, ilikuwa ya Wazungu wenye magari, ilhali Mwafrika aliwekwa Kariakoo na Ilala, mahali ambapo angeweza kufika kazini kwa miguu. Leo mambo yamegeuka kwa sehemu kubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja kwa miaka kumi halikuweza kuenea Kariakoo, hivyo limekwenda kukaa yalikokuwa mashamba ya mihogo na mikorosho. Serikali ilijaribu kuutangulia mkondo huo kwa mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, ambao ulipima maeneo kama Bunju, Kibada, Kisota, Tuangoma na Buyuni. Waliobahatika kununua huko walipata kiwanja chenye mipaka na barabara zilizochorwa. Wengine, ambao ndio wengi, walinunua kwa wenyeji mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kuondoka na karatasi ya mauziano. Ningethubutu kusema kwamba tofauti kati ya wanunuzi hao wawili ni kubwa kuliko tofauti kati ya Sinza na Bunju, kwa sababu mmoja anajua barabara itapita wapi na mwenzake hugundua siku nyumba yake inapowekwa alama ya X ya kubomolewa.

Hata hivyo, anayekwenda pembezoni hafanyi hivyo kwa ujinga, na wanaomcheka kwa kukaa porini hawajapiga hesabu zake. Mwenye nyumba wa mjini hudai kodi ya miezi sita, mara nyingi ya mwaka mzima, tena kwa mkupuo, na dalali juu yake anataka kodi ya mwezi mmoja. Kwa mtumishi aliyetoka kuhamishwa na ambaye fedha zake za uhamisho hazijaingia, huo ni mzigo mzito kabla hata hajanunua kitanda. Mpangaji huyo ndiye anayenunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, na tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo, ingawa jengo si lake. Akijumlisha yote hayo anaona kwamba fedha za miaka mitatu ya kupanga zingetosha kusimamisha kuta. Mkopo wa nyumba wa benki uko mbali na wengi, kwa hiyo matofali ndiyo akiba yenyewe: mwezi huu mifuko mitano ya saruji, mwezi ujao nondo, na mwakani familia inahamia kwenye pagala lenye bati lakini lisilo na dari wala vigae, madirisha mawili yakiwa yamezibwa kwa mbao. Anayeishi hivyo hana mwenye nyumba wa kumgongea mlango, ana nafasi ya kufuga kuku, na usiku analala bila muziki wa baa ya jirani. Majirani nao, kwa kuwa wote ni wageni, huzoeana upesi kuliko wapangaji wa mjini wanaopishana koridoni kwa salamu tu.

Gharama ya uamuzi huo haionekani kwenye daftari la ujenzi, kwa maana hulipwa kwa saa. Mtu anayetumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kwa siku tano za juma anapoteza saa 20, ambazo ni sawa na siku mbili na nusu za kazi kila wiki, na hakuna mwajiri anayezilipa. Tena lami si mwisho wa safari. Daladala humwacha kituoni, na kutoka hapo ni bodaboda ya kupanda na kushuka vilima vya Goba au Madale, ambayo wakati wa masika hupandisha bei au hukataa kabisa kwenda. Pale bomba lisipofika, maji huletwa na boza au huvutwa kutoka kisima ambacho mara nyingine hutoa maji ya chumvi yasiyofaa hata kwa chai.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba anayelipa saa hizo mara nyingi siye aliyeamua. Baba huliona pagala lake kwa fahari kila Jumapili, huku mtoto wa darasa la tatu akiamshwa saa kumi usiku ili awahi gari la shule, na mama, ambaye kibanda chake cha biashara kiko Ilala, akifika nyumbani wakati watoto wameshalala. Familia moja ninayoifahamu ilihamia Chanika ikiwa na watu sita. Kufikia mwaka wa pili mtoto mmoja alikuwa akilala kwa shangazi yake Buguruni siku zote za shule. Nyumba ilikuwa yao, lakini waliokaa ndani yake pamoja walifanya hivyo siku mbili kwa wiki.

Mfano mkubwa zaidi umo katika historia ya karibuni. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipozikumba nyumba za bonde la Msimbazi, waathirika walipelekwa Mabwepande, huko ndani kabisa ya pembezoni, wakapewa viwanja. Wapo waliobaki na kujenga, na wapo waliorudi kule kule bondeni, si kwa kupenda mafuriko, bali kwa sababu riziki yao ya kila siku ilikuwa Kariakoo na nauli ya kuifuata ilikuwa ikiila. Kisa hicho hukumbusha pia kwamba mjini si salama kwa sababu tu ni mjini. Mvua kubwa ikinyesha barabara hukatika Jangwani, na anayekaa Magomeni, kilomita chache tu kutoka ofisini, huzunguka kama mtu wa mbali. Mgao wa maji wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, nao haukumuuliza mtu anakaa wapi. Pengine mwenye kisima chake Kigamboni aliupita kwa nafuu kuliko mpangaji wa ghorofani Upanga.

Zaidi ya hayo, mjini penyewe panahama. Mabasi ya mwendokasi, yenye njia zake yenyewe, yalipoanza mwaka 2016, Kimara ilisogea karibu na Posta. Mwaka huo huo Daraja la Nyerere lilifunguliwa Kigamboni, na wakazi wake wakapata njia nyingine zaidi ya kivuko. Mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihamia Mbezi Luis, na hospitali ya Mloganzila inawahudumia wagonjwa ambao zamani wangelazimika kufika Muhimbili. Muuguzi anayepangiwa Mloganzila akaenda kupanga Sinza kwa kuambiwa kuwa ndiyo mjini, atakuwa amejitafutia foleni kwa kodi kubwa. Lakini tahadhari ni muhimu, kwa sababu madalali wa viwanja huuza miradi ambayo haijaanza kufanya kazi. Njia ya mwendokasi ya Mbagala ilikamilika ikakaa muda mrefu bila mabasi, na aliyenunua kiwanja Chamazi kwa kutegemea mabasi hayo aliendelea kusimama kwenye daladala akiitazama lami tupu pembeni yake.

Kwa mgeni asiyeujua mji, basi, ningependelea kodi ya miezi sita, hata kwa chumba na sebule, kwenye njia kuu inayoelekea kazini kwake, na kiwanja kisubiri. Mwenye kazi isiyomdai kufika ofisini kila siku, au ambaye kazi, shule ya watoto na soko lake vyote viko upande mmoja wa mji, ana haki ya kuukataa ushauri huu na kwenda Kibamba tangu siku ya kwanza. Kwa vyovyote, asikubali kuonyeshwa nyumba Jumapili mchana kwa gari la dalali, wakati barabara ni nyeupe. Aende Jumatatu ya mwezi wa nne, asimame kituoni saa kumi na mbili asubuhi, mvua ikinyesha, na mtoto wake amshike mkono.