Grainda Yangu Haitoki Tena

Jumamosi asubuhi dogo mmoja jirani kaja kuniazima grainda. Kuazimana vifaa si tatizo kwangu, jeki yangu imezunguka kwa watu hadi imesahau njia ya nyumbani. Nikamuuliza kwa mazoea tu anakwenda kukata nini.

"Springi, kaka. Mizunguko 2 mbele, 2 nyuma. Gari likae chini kidogo."

Nikamnyima. Sasa nasikia mimi ni mchoyo, nimepitwa na wakati, sijui na nini. Haya. Lakini kwenye hili nina haki ya kuwa mkali, maana gari langu la kwanza mimi sikulikata springi. Nilizichoma. Naam, kwa gesi. Rafiki yangu alielekeza moto kwenye mzunguko wa chini, chuma kikawa chekundu kama kaa, gari likazama taratibu kama ngamia anapopiga magoti. Tukashangilia! Wiki chache baadaye upande wa kushoto ukawa bado unazama, safari hii bila kuombwa. Chuma cha springi hupewa unyumbufu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Ukikichoma kienyeji, unabaki na chuma kilichojikunja tu. Tairi za mbele nazo zikala upande: ndani kipara hadi waya zinachungulia, nje bado kama mpya. Hela niliyookoa kwenye springi nikaipeleka kwenye tairi, na chenji haikurudi.

"Lakini mimi sichomi, nakata." Nimekusikia. Tupige hesabu ya darasani. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata 2, imebaki na 4, na ugumu wake umepanda kwa asilimia 50. Nusu nzima! Halafu ukiinua gari kwa jeki, tairi likining'inia, springi fupi inaachia kikalio chake na kucheza kama jino bovu. Siku ukiruka tuta kwa kasi inaachia vilevile, na ikirudi hairudi lazima pale ilipokuwa. Ule mlio wa "kong!" chini ya miguu yako ndio huo.

Ila kinachonichosha zaidi ya yote ni kwamba hakuna anayeuliza habari za shokapu. Watu wengi bado wanaamini shokapu ndiyo inayobeba gari. Haibebi! Springi inabeba, shokapu inaituliza. Bila shokapu, ukipita shimo moja springi inapanda na kushuka mpaka ichoke yenyewe. Sasa wewe umeifanya springi iwe ngumu zaidi, inarusha kwa nguvu zaidi, halafu unamwachia kazi ya kuituliza mzee yuleyule aliyekuwa anatoka jasho la mafuta tangu ulipolinunua gari. Na umempunguzia nafasi. Tuseme tairi lako lilikuwa na milimita 80 za kupanda kabla shokapu haijagonga ile raba ya juu. Umeshusha gari milimita 50. Umebakiwa na 30. Kila kishimo sasa unatua kwenye raba, na raba ikisagika unatua chuma kwa chuma. Hapo ndipo mtu anajisifu kwamba gari lake "limekaza kama la mashindano". Ndugu yangu, hilo halijakaza. Linagonga.

Kwa hiyo kama hela ni ya mawazo, na ya nani si ya mawazo siku hizi, ushauri wangu ni huu: springi tafuta iliyotumika, shokapu nunua mpya. Modeli nyingi zina toleo la michezo lililotoka kiwandani likiwa chini kidogo. Springi zake mara nyingi zinaingia kwenye gari lako bila kukata kitu, ila hakikisha kwanza kwamba injini na uzito vinalingana. Springi iliyotumika unaikagua kwa macho: kutu, nyufa, basi. Shokapu iliyotumika ni kama mchumba wa mtandaoni, utamjua mkishaishi pamoja. Shusha milimita 25 au 30, acha hapo. Najua 30 haisisimui kwenye picha.

Alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za tairi, baada ya hapo si hiari. Na boliti za bushi za mikono, zile raba kwenye maungio ya vyuma vinavyoshika tairi, usizikaze gari likiwa juu ya jeki. Lishushe likalie tairi zake kwanza, la sivyo raba zinabaki zimejisokota na zitachanika mapema.

Haya, nikubali moja, shingo upande. Kuna springi ambayo tangu kiwandani mwisho wake umekatwa tu bila kubanwa wala kusawazishwa. Fundi anayejua kazi anaweza kuipunguza nusu mzunguko kwa diski, siyo kwa moto, na ikakaa vizuri. Na ugumu kidogo wa ziada unasaidia gari lililoshuka. Nimesema fundi anayejua kazi. Sikusema dogo na grainda ya kuazima.

Basi jana roho ikanisuta, nikamfuata na futi ya chuma. Nikamwambia apime kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, kona zote 4, kabla hajagusa kitu. Mbele kulia ikawa chini kwa milimita 20 kuliko kushoto. Tukafungua tairi. Mzunguko wa mwisho wa springi ulikuwa umevunjika siku nyingi, kipande kimelala ndani ya kikalio kimeota kutu, na shokapu ya upande ule imelowa mafuta hadi kwenye breki.

Nikamwonyesha kimyakimya. Akachuchumaa, akakitoa kile kipande, akakigeuzageuza mkononi kwa muda. Nikajua sasa ameelewa.

"Kwa hiyo kaka," akasema, "nikate huu wa kushoto tu ulingane?"