Maganda ya risasi ya kubadilishwa: lini yanafaa, lini ni kujisumbua bure

Hoja inayosikika zaidi ya kutetea kubadili maganda ya risasi ni bei. Kwa nini ununue ganda jipya ilhali uwanja wa shabaha umejaa maganda ya kuokota? Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Hoja yenye nguvu ni nyingine: ganda la bunduki uliyo nayo halitengenezwi tena, au linatoka kiwandani mara moja kisha linaadimika kwa miaka. Huko Marekani, ambako sheria ya shirikisho humruhusu mtu kujijazia risasi kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni ya utengenezaji (akitaka kuziuza, hapo leseni inahitajika), mabishano yote huzunguka kati ya hoja hizi mbili.

Kazi yenyewe ni kuchukua ganda la brasi lililoundwa kwa risasi ya aina moja na kulilazimisha liwe la aina nyingine: shingo (sehemu nyembamba inayoshika kichwa cha risasi) inabanwa au kupanuliwa, bega (mteremko kati ya shingo na mwili) linasukumwa nyuma, urefu unapunguzwa. Brasi ya maganda ni shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, na ina tabia moja inayotawala kila kitu hapa: kila unapoibana au kuivuta, inakakamaa. Ikikakamaa kupita kiasi, inapasuka.

Kwa hiyo swali la kwanza si "kalibu (chombo cha chuma kinacholipa ganda umbo) ipo?" bali "shingo mpya itatoka wapi?" Kutoka .308 Winchester kwenda .243 Winchester, shingo inabaki kuwa shingo; inabanwa tu. Mwili ni ule ule na kitako ni kile kile. Ganda linapita kwenye kalibu mara moja au mbili, linapimwa urefu, na kazi imekwisha. Hapo hata mpinzani mkali hana mengi ya kusema. Mambo hugeuka pale ganda refu linapofupishwa hadi shingo mpya ikaangukia mahali palipokuwa bega au mwili.

Chukua .30-06 inayogeuzwa kuwa 8x57 Mauser. Kitako na ukingo vinalingana kiasi cha kukaa kwenye bolti (kifungio cha bunduki nyuma ya ganda) ile ile, ndiyo maana watu huipenda. Urefu unashuka kutoka milimita 63.35 hadi 57. Bega la .30-06 huanza takriban milimita 49.5 kutoka kitakoni, na la Mauser liko karibu na 46.4. Maana yake, nusu ya chini ya shingo mpya ilikuwa bega, na nusu ya juu ilikuwa shingo. Unene wa sehemu hizo mbili haulingani. Ukiipanua shingo ipokee kichwa cha risasi cha milimita 8.2, unene wa ziada unaishia ndani, pale shingo inapokutana na bega, na kufanya pete isiyoonekana kwa nje. Utaigundua unapopitisha kichwa cha risasi kwenye shingo ya ganda lililokwisha kufyatuliwa: kinateleza vizuri, kisha kinakwama chini. Pete hiyo huondolewa kwa rima, chombo cha kukwangua tundu kwa ndani. Ukikereza shingo kwa nje peke yake, pete ya ndani inaweza kubaki.

Mpangilio wa kazi unaoheshimika ni huu. Kwanza maganda hutengwa kwa kiwanda, kwa sababu unene wa kuta hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Praima (kiwashio kilicho kitakoni) iliyotumika hutolewa, ganda linasafishwa, linakatwa kwa msumeno mdogo likiwa limebakizwa nusu milimita hadi milimita moja juu ya urefu wa mwisho. Shingo na bega hulainishwa kwa moto. Kisha mafuta: lanolini iliyoyeyushwa katika alkoholi hufanya kazi nzuri, ila subiri alkoholi ikauke. Ganda huingizwa kwenye kalibu taratibu, nusu ya safari, linarudishwa, linapakwa tena, linaendelea. Mafuta machache, ganda linanasa ndani ya kalibu na ukingo wake unang'olewa na presi (mashine ya mkono inayosukuma ganda ndani ya kalibu). Mafuta mengi, yanajikusanya kwenye bega na kulibonyeza. Utaona kijishimo kama alama ya kidole. Mwisho hupunguzwa hadi urefu kamili, na ukali wa mdomo unaondolewa ndani na nje.

Kulainisha kwa moto ndiko kunakoharibiwa zaidi, na mara nyingi huharibiwa kwa bidii. Shingo inahitaji kufika karibu na nyuzi 400 za Selsiasi kwa sekunde chache, wakati kitako hakitakiwi kuvuka nyuzi 250 hivi. Njia ya uhakika ni rangi ya kupimia joto: tone la nyuzi 400 ndani ya shingo, na tone la nyuzi 245 chini kidogo ya bega. La kwanza liyeyuke, la pili libaki. Anayengoja brasi iwe nyekundu ya kung'aa ameshapitiliza. Shingo inakuwa laini kiasi cha kubonyea kwa vidole, na haitashika kichwa cha risasi. Kuitumbukiza kwenye maji hakuikakamazi brasi kama inavyokuwa kwa chuma. Kunazuia tu joto lisisafiri kwenda kitakoni. Kitako kikilainika, hakuna dawa. Mfuko wa praima unapanuka, gesi ya moto inarudi nyuma kwa mpigaji. Ganda hilo hutupwa.

Wapo wanaosema hatua hii ni ya hiari kwa mabadiliko madogo. Kwa .243 inayotokana na .308 mpya, huenda. Kwa mengine, historia inawapinga. Jeshi la Uingereza huko India lilipata maganda yaliyopasuka yenyewe yakiwa stoo, hasa msimu wa masika, bila kufyatuliwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1921 ulionyesha chanzo: mkazo uliobaki ndani ya brasi tangu kutengenezwa, ukikutana na amonia iliyotoka kwenye mazizi ya farasi. Ganda lililobadilishwa bila kulainishwa lina mkazo huo huo, na sabuni nyingi za kusafishia vyombo vya shaba zina amonia. Ukizitumia unaharakisha ufa.

Upande wa utetezi una ushahidi wake, na mzuri zaidi una uhusiano na kwetu. .416 Rigby ilitoka mwaka 1911 na ikawa bunduki ya kuwindia nyati na tembo katika Afrika Mashariki. Kynoch, kiwanda cha risasi cha Uingereza, ilipoacha kutengeneza risasi kubwa za uwindaji, bunduki nzuri zikabaki bila chakula. Ganda la .460 Weatherby, lililotoka mwaka 1958, lilikuwa limetokana na umbo la Rigby, ila limeongezewa mkanda juu ya kitako. Mafundi wakawa wanakereza mkanda huo kwenye mashine, wanaunda bega, na .416 inarudi porini. Hiyo ilikuwa kazi ya lazima. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilianza tena kutengeneza .416 Rigby, na sababu ikafa. Anayeendelea kukereza mikanda leo anafanya hivyo kwa raha zake.

Ndivyo ilivyo, kwa maoni yangu, kwa risasi ya .300 AAC Blackout. Ilipoidhinishwa na SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya risasi, mwaka 2011, maganda ya kiwandani yalikuwa machache, na kukata .223 Remington kutoka milimita 44.70 hadi 34.75 kulikuwa na mantiki kamili. Kazi ni rahisi, malighafi iko kila mahali. Lakini hapa shingo nzima inatoka kwenye mwili wa ganda la zamani. Kichwa cha risasi kina kipenyo cha milimita 7.82, na shingo ya risasi iliyokamilika hairuhusiwi kuzidi 8.48. Gawanya tofauti kwa mbili: kila ukuta una milimita 0.33 na si zaidi, bila nafasi yoyote ya kosa. Ukuta wa 0.28 hadi 0.30 ndio wa kulenga. Baadhi ya maganda ya .223 yanavuka hapo. Shingo nene inabanwa na chemba (tundu la bunduki ambamo risasi hukaa), haiwezi kufunguka na kukiachia kichwa, na shinikizo linapanda ghafla. Hivyo kila aina ya ganda hupimwa kwa maikromita, na zile nene zinawekwa kando. Ukihesabu muda wa kukata, kupima na kukataa, ganda la bure si la bure tena.

Kosa jingine ni kusukuma bega nyuma kupita kiasi. Ganda linakaa kwenye chemba likiwa limelegea. Pini ya kufyatulia inalisukuma mbele, shingo na mwili vinashika ukuta wa chemba, na kitako peke yake kinarudi hadi kugonga bolti. Brasi inavutika na kuwa nyembamba mahali palipo milimita nane au kumi juu ya kitako. Kwa nje utaona mstari unaong'aa. Kwa ndani, waya mwembamba uliopindwa ncha utakwama kwenye mfereji. Dawa ni kushusha kalibu kidogo kidogo mpaka bolti ifunge ikiwa na ukinzani mdogo tu unaosikika mkononi.

Kiasi cha baruti pia hakihamishiki. Ganda nene lina nafasi ndogo ndani, na kipimo kilichokuwa salama kwenye ganda la kiwandani kinaweza kuwa hatari humo.

Hatari ambayo watetezi huipuuza zaidi haipimwi kwa chombo chochote: mhuri wa kitako. Ganda la Blackout lililokatwa linaendelea kusema ".223". Risasi ya Blackout inaweza kuingia kwenye baadhi ya chemba za .223, kichwa cha milimita 7.82 kikasukumwa kwenye mtutu wa 5.7, na bunduki ikavunjika mkononi. Haya yameshatokea Marekani, hata kwa risasi za kiwandani. Kwa maganda yenye mhuri wa uongo uwezekano unaongezeka. Anayeyabadilisha anajua; mtoto wake, au aliyenunua bunduki pamoja na kopo la risasi baada ya mwenyewe kufariki, hajui. Rangi ya kudumu kitakoni na kisanduku chenye maandishi ni kiwango cha chini kabisa.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, suala hili linaanzia kwingine. Kwa Tanzania Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kwa Kenya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, zinaweka utengenezaji wa risasi chini ya leseni. Presi mezani nyumbani si mchezo hapa. Mwenye leseni ya kuwinda hununua risasi zilizokamilika, na akichagua bunduki ya zamani ajue kwanza kama risasi zake zinapatikana dukani.

Na popote mtu anapouziwa maganda yaliyobadilishwa na mwingine, achukue moja katika kila kundi alikate kwa msumeno kwa urefu wake. Unene wa shingo, pete ya ndani na mfereji juu ya kitako vyote vitaonekana hapo. Muuzaji akikataa ganda moja likatwe, maganda mengine yabaki kwake.