Upepo wa simu na upepo wa bahari

Wallahi mie nshachoka na hii apu ya upepo. Usiku yanionyesha mishale myekundu, kesho saa nane mchana upepo tele, mie mbio naomba ruhusa kazini ati jino laniuma, kumbe nataka kuteleza baharini kwa bodi ya tanga, nalipa bodaboda mpaka ufuoni Nyali, Mombasa, nafika bahari imetulia kama uji sahanini!

Haya, najua ni Aprili, msimu wa tanga mbili, upepo wa kaskazi umekwisha na wa kusi haujashika. Wenye majahazi walikuwa wakingoja kusi miezi na miezi, lakini wao walidanganya bosi kuhusu jino?

Basi twakaa. Mwenzangu kafunga tanga kwenye bodi, kafungua, kafunga tena, mpaka kamba yatoa nyuzi. Karata tumecheza mpaka kopa saba imekatika pembe na kila mtu aijua iko mkononi mwa nani. Mihogo ya kukaanga nimekula ya pesa ngapi leo? Na madafu je? Mwenye ngamia kapita mara sita, mara ya saba hata ngamia mwenyewe alinitazama kwa huruma. Na lazima atokee mtu aulize, "Mbona hamuingii majini?" Sasa nipulize tanga kwa mdomo, ndugu yangu?

Halafu upepo waja lini? Ushakunja kila kitu, chumvi imekukauka shingoni, uko ndani ya matatu pale daraja la Nyali, watupa macho dirishani waona minazi yapiga magoti. Nimpigie nani kelele, dereva?