Nostalrius ilivunja sheria, lakini wachezaji wake walikuwa na hoja

Tarehe 10 Aprili 2016 Nostalrius, seva isiyo rasmi ya mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft iliyoendeshwa na watu wa kujitolea, ilizimwa. Ilikuwa imefunguliwa Februari 28, 2015, na katika muda huo wa mwaka mmoja na ushei, kwa hesabu za waendeshaji wake, akaunti 800,000 zilikuwa zimesajiliwa, 150,000 kati yake zikiwa hai. Haikufilisika wala haikukimbiwa. Blizzard, kampuni ya Marekani inayomiliki mchezo huo, ilituma barua za kisheria kwa waendeshaji na kwa kampuni ya OVH ya Ufaransa iliyowakodisha mashine. Wale vijana wa kujitolea hawakuwa na ubavu wa kwenda mahakamani.

Ajabu ni kwamba mchezo wenyewe ulikuwa bado unauzwa na seva rasmi zilikuwa wazi. Watu walifuata nini kwenye seva isiyo rasmi?

Walifuata dunia iliyokuwa imefutwa. World of Warcraft ilitoka Novemba 2004. Nyongeza ya kwanza, yaani sehemu mpya inayouzwa juu ya mchezo wa awali, ikaja Januari 2007, nyingine zikafuata, na Desemba 2010 ile iitwayo Cataclysm ikachora upya mabara mawili ya awali: ardhi ikapasuka, miji ikabomolewa, kazi nyingi ambazo wachezaji wapya walikuwa wakipewa zikaondolewa kabisa. Kitabu kikichapwa upya, nakala ya zamani hubaki rafuni. Hapa hakukuwa na rafu. Mchezaji aliyelipa ada ya kila mwezi tangu siku ya kwanza hakuweza kurudi alikoanzia, hata angekuwa tayari kulipa mara kumi zaidi.

Sababu iko kwenye jinsi michezo hii inavyojengwa. Picha, sauti na ramani zimo kwenye kompyuta ya mchezaji. Kanuni zinazoamua adui anapiga kwa nguvu gani, anaacha ngawira gani akifa, na nani yuko karibu na nani, hizo zimo kwenye seva ya kampuni na hazikuwahi kutolewa kwa umma. Watu wa kujitolea waliziandika upya kutoka mwanzo kwa kuchunguza ujumbe unaopita kati ya pande hizo mbili. Mradi wa MaNGOS ulianza kazi hiyo mwaka 2005, na Nostalrius ilijengwa juu yake. Mchezaji naye alihitaji nakala ya zamani ya mchezo, kisha abadilishe mstari mmoja tu kwenye faili dogo linalotaja anwani ya seva.

Seva za namna hiyo zilikuwepo nyingi kabla yake, na nyingi zilikuwa mbovu: kazi zisizokamilika, maadui wanaopita ndani ya kuta, waendeshaji wanaouza silaha kwa pesa. Nostalrius ilichagua toleo la 1.12, la mwisho kabla ya nyongeza ya kwanza, ikalisafisha kwa uvumilivu na kufungua maeneo kwa awamu kama yalivyofunguliwa zamani. Haikuwa na duka. Jioni zake kubwa zilikuwa na watu zaidi ya 10,000 ndani ya dunia moja, ilhali seva rasmi za enzi ile zilibeba elfu chache tu.

Nadhani umati huo ndio uliokuwa utajiri wake, kuliko hata usahihi wa kiufundi. Toleo la zamani halikuwa na mfumo wa kukuunganisha na wenzako kwa kubofya. Ukitaka kuingia pangoni ulisimama mjini ukaita mponyaji, ukabishana, ukangoja, kisha mkatembea pamoja mwendo mrefu. Aliyeiba ngawira ya kikosi alijulikana, na kesho yake hakuna aliyemchukua. Aliyekuwa muungwana naye alijulikana. Usumbufu uleule ambao wabunifu waliuondoa miaka iliyofuata ndio uliokuwa ukiwalazimisha wageni kuwa majirani. Hilo huwezi kulionja ukicheza peke yako kwenye nakala ya nyumbani. Linahitaji watu, na kwa hiyo linahitaji seva.

Upande wa Blizzard una uzito, na mashabiki wengi huupita haraka mno. Ramani, majina, muziki na viumbe vyote ni mali yake. Kampuni ilieleza kwamba kuacha haki zake zivunjwe bila kuchukua hatua kungezidhoofisha, na kwamba haikuona njia ya wazi ya kisheria ya kuipa leseni seva kama hiyo. Tayari mwaka 2010 mahakama ya California ilikuwa imeamuru mwendeshaji wa Scapegaming, seva iliyokuwa ikichuma pesa kwa wachezaji, alipe zaidi ya dola milioni 88. Kutochuma pesa kuliitofautisha Nostalrius kimaadili, ila hakukuifanya halali.

Kuna na suala la uaminifu. Mwishoni mwa 2016 Nostalrius iliwakabidhi kazi yake watu wa Elysium, seva nyingine isiyo rasmi, ili dunia ile iendelee. Haukupita mwaka, baadhi ya viongozi wa Elysium wakatuhumiwa kuuza dhahabu ya mchezo kwa pesa halisi, timu ikagawanyika, na kundi lililojitenga likaanzisha seva yake, Light's Hope. Mchezaji aliyepoteza miezi yake humo hakuwa na pa kushtaki. Seva isiyo na mkataba inategemea tabia ya wachache wenye funguo, na hatari hiyo inanitia wasiwasi kuliko suala la hakimiliki.

Lakini kampuni ilikosea jambo moja kubwa. Kwenye mkutano wake wa BlizzCon mwaka 2013, mchezaji aliuliza kuhusu seva za toleo la zamani, na J. Allen Brack, mmoja wa wakuu wa mchezo huo, akamjibu kwamba wachezaji wanadhani wanazitaka, ila hawazitaki. Nostalrius ilijibu kwa vitendo. Baada ya kufungwa, watu zaidi ya 200,000 walitia saini ombi, Mark Kern aliyewahi kuongoza timu ya mchezo huo akalipeleka kwa mkuu wa Blizzard, Mike Morhaime, na waendeshaji wa seva iliyozimwa wakaalikwa makao makuu kueleza walichokijua. Novemba 2017 Brack huyohuyo alipanda jukwaani kutangaza World of Warcraft Classic, yaani toleo la zamani kwenye seva rasmi. Ilipofunguliwa Agosti 2019, kampuni ilitangaza ongezeko la usajili kubwa kuliko la robo mwaka yoyote katika historia ya mchezo huo. Soko lilikuwepo, na waliolionyesha ni wale walioitwa maharamia.

Dai la kukosa njia ya kisheria nalo limepungua nguvu. City of Heroes, mchezo mwingine wa mtandaoni, ilifungwa na kampuni yake, NCsoft, Novemba 2012, ikaishi kwa siri kwenye seva za mashabiki, na Januari 2024 kampuni hiyo ikawapa leseni rasmi watu wa Homecoming, mojawapo ya seva hizo. Ni kweli NCsoft haikuwa na mchezo hai wa kulinda, wakati Blizzard ilikuwa na mamilioni ya wateja. Hata hivyo njia ilipatikana.

Kwangu mpaka uko hapa: je, mwenye mali anakitoa kile watu wanachokitaka? Mwaka 2016 Blizzard haikuwa ikikitoa. Ilipoishtaki Turtle WoW, seva nyingine isiyo rasmi, Agosti 2025, toleo la zamani lilikuwa likiuzwa rasmi, na utetezi ule wa Nostalrius haukuwa tena na miguu.

Huko Ulaya mjadala umefika kwenye sheria. Kampuni ya Ubisoft ilizima mchezo wake wa The Crew Machi 2024, walioununua wakabaki mikono mitupu, na ombi la wananchi linalotaka michezo iachwe ikichezeka baada ya kampuni kuacha kuihudumia likavuka saini milioni moja mwaka 2025. Ninaliunga mkono. Ila hata lingekuwa sheria mwaka 2016, lisingeisaidia Nostalrius, kwa sababu World of Warcraft haikufungwa: iliandikwa upya ikiwa hai, na wateja wake wakiwa bado wanalipa. Kwa mchezo unaobadilishwa namna hiyo, ombi hilo halimpi mchezaji haki yoyote.