Nepal bila kupanda mlima

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha kikundi chetu cha akiba pale Sinza, dada mmoja alitoa wazo lililofunika ajenda nyingine zote. Badala ya kugawana fedha mwisho wa mwaka na kila mtu akaenda zake, kwa nini watu kumi tusizikusanye tukaenda Nepal? Siku kumi na mbili. Si kupanda mlima: kuona mahekalu, kukaa na mafundi, kula chakula cha wenyeji, kulala kijijini. Wakala mmoja wa safari alikuwa ameshamtumia ratiba. Mweka hazina wetu, mzee aliyekwenda Hija mara moja na tangu hapo hajavuka mpaka, akavua miwani. “Nepal bila mlima? Si sawa na mtu kuja Moshi akaishia stendi?”

Tulicheka, lakini tangu siku ile nimekuwa nikilipima jambo hili, na naona pande zote mbili zina uzito kuliko tulioupa pale kikaoni.

Kusafiri kwa kundi si jambo geni Dar. Tunakwenda Makka kwa kundi, Yerusalemu kwa kundi, na Guangzhou kufuata mzigo kwa kundi, ingawa hilo la Guangzhou huvunjika mkishafika sokoni, kila mtu na siri yake ya bei. Zote hizo ni safari zenye shughuli. Kilicho kigeni ni kulipa nauli ili ukatazame tu watu wengine wanavyoishi. Shangazi yangu wa Temeke, akiona wazungu wanapita mtaani nyuma ya mwongozaji, huuliza swali lilelile kila mara: “Hao wametumwa na nani?”

Wanaounga mkono safari za namna hii huanzia mlimani, na wana haki. Kati ya vilele kumi na vinne duniani vinavyozidi mita 8,000, vinane viko Nepal au mpakani mwake. Tangu Tenzing Norgay na Edmund Hillary wafike juu ya Everest tarehe 29 Mei 1953, jina la nchi na jina la mlima yamekuwa kama neno moja masikioni mwa watu. Sisi ugonjwa huo tunaujua. Mgeni anatua uwanja wa Kilimanjaro, anapanda mpaka Uhuru, mita 5,895, anakwenda kupumzisha miguu Zanzibar, anarudi kwao. Dar, mji wa mamilioni ya watu, unapewa usiku mmoja wa kusubiri boti. Fedha nazo hupita njia hiyohiyo: mpagazi wa Machame anapata chochote, mchonga vinyago wa Mwenge anasikia habari tu.

Na Nepal ya nje ya mlima si makombo. Bonde la Kathmandu liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979 kwa maeneo saba: viwanja vitatu vya kifalme vya Kathmandu, Patan na Bhaktapur, stupa mbili, yaani kuba kubwa za ibada za Kibuddha, Swayambhu na Boudha, na mahekalu ya Pashupati na Changu Narayan. Kule Bhaktapur kuna hekalu la Nyatapola, lenye mapaa matano, lililojengwa mwaka 1702. Lilisimama wakati wa tetemeko la 1934, likasimama tena tarehe 25 Aprili 2015, tetemeko la kipimo cha 7.8 lililoua watu wapatao 9,000. Majengo mengine mengi ya kale hayakuwa na bahati hiyo. Kasthamandap, lile jumba la mbao ambalo mji wa Kathmandu unasemekana kuchukua jina lake, liliporomoka kabisa. Mafundi wa hukohuko wakalijenga upya. Kwa mtu wa Dar aliyekwisha kuona nyumba ngapi za zamani za Kariakoo zikitoweka ili ghorofa ziote, hiyo peke yake ni sababu ya kukata tiketi.

Udogo wa kundi una kazi yake hapa. Patan ni mji wa nyua za ndani, unaziingia kwa kuinama kwenye mlango mfupi. Humo wamo mafundi wa sanamu za shaba wanaofanya kazi kwa nta: sanamu hufinyangwa kwanza kwa nta, hufunikwa udongo, nta ikayeyushwa ikatoka, kisha shaba ikamiminwa mahali pake. Watu arobaini hawaenei humo. Watu kumi wanaenea, wanakaa chini, wanauliza, na fundi hapotezi asubuhi yake yote. Gari moja la kukodi linawatosha, na dada anayeogopa kusafiri peke yake anapata wa kulala naye chumba kimoja.

Kuna na raha ambayo kijitabu cha mzungu hakiwezi kumwambia mtu wa Dar. Mnepali akisema achari, amekusudia achari. Gari kwao ni *gadi*, mia elfu ni *lakh*, ambayo ndiyo laki yetu, na bima ni bima. Maneno yaliyovuka Bahari ya Hindi kuja kwetu kwa jahazi, kwao yalipanda mlima kwa miguu. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, viatu vinabaki mlangoni. Mzungu hufundishwa adabu hizi siku ya kwanza. Sisi tulizikuta kwa bibi.

Sasa upande wa pili, ambao kikaoni ulituponyoka kabisa.

Basi la watu arobaini lina adabu moja lisiyoikusudia: haliingii uchochoroni. Linaegesha, watu wanapiga picha mlango wa hekalu, wanaondoka. Kundi dogo ndilo linaloingia ndani. Ndilo linaloandikiwa kwenye ratiba “kupika chakula cha mchana na mama wa nyumbani”. Katika nyumba nyingi za Kihindu zinazoshika mila, jikoni ni mahali panapolindwa, na chakula kilichoguswa na mdomo wa mtu mwingine kinahesabika kuwa kimenajisika. Kwa hiyo kile tunachokisifu, kwamba tuko wachache, ndicho hichohicho kinachotufikisha pale ambapo pengine tusingepaswa kufika. Sifa na lawama zimetoka tumbo moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa ratiba haifikii siku ya tatu. Anakula kuku wa siku ya kwanza, anaimbiwa usiku, asubuhi anapanda gari, na kesho yake wanakuja wengine kula kuku mwingine. Mwenyeji anabaki katika siku ya kwanza mwaka mzima. Kila nikilifikiria hilo nachoka kwa niaba yake.

Ndiyo maana, nitasema jambo ambalo wapenda “uhalisia” hawatalifurahia, sina ugomvi mkubwa na maonyesho. Sauraha, karibu na hifadhi ya Chitwan, Watharu, wenyeji wa huko, huwachezea wageni ngoma ya fimbo karibu kila jioni. Wapo wanaodharau: hiyo si ngoma tena, ni biashara. Hata hapa, ngoma za Kijiji cha Makumbusho barabara ya Bagamoyo husemwa hivyohivyo. Lakini mchezaji analipwa, anamaliza, anajifuta jasho, anarudi kwake, na mlango wake anaufunga. Mgeni anajua ametazama onyesho. Hakuna aliyedanganywa. Chakula cha mchana kinachoitwa “cha kifamilia” huku familia ikila baadaye mabaki yaliyopoa kinanipa shida zaidi.

Kwa hiyo nikaacha kuuliza kundi lina watu wangapi, nikauliza: mwenyeji anaweza kukataa? Kumari wa Kathmandu ni msichana mdogo wa Kinewari anayeheshimiwa kama mungu aliye hai. Wageni huruhusiwa kuingia uani kwake. Anaweza kutokeza dirishani, anaweza asitokeze, na akitokeza ni marufuku kumpiga picha. Hapo mgeni anajua kimo chake. Hekalu kuu la Pashupatinath haliingiwi na asiye Mhindu, hata ulipe nini. Lakini nje yake, kando ya mto Bagmati, maiti huchomwa hadharani, na ng’ambo ya mto hukaa wageni na kamera zao. Marehemu hana namna ya kukataa, na wafiwa wana mengine ya kushughulikia. Uko makaburi ya Kinondoni na msiba wako, na upande wa pili wamesimama watu kumi wamekuelekezea lenzi. Kwamba wako kumi tu na wamekaa kimya kungekupunguzia nini?

Kwenye ratiba yetu, siku ya tisa, niliona “kutembelea kituo cha watoto yatima, mje na zawadi”. Hilo nililikata kwa wino. Nepal imejulikana kwa muda mrefu kwa watoto wenye wazazi walio hai kutolewa vijijini na kujazwa kwenye vituo vya mijini kwa sababu wageni huleta fedha, na UNICEF imekuwa ikionya juu yake. Mtoto ndiye mwenyeji asiyeweza kukataa kuliko wote.

Mfano mzuri upo, na tungeuelewa haraka kwa kuwa tunaujua kwa jina jingine. Sirubari, kijiji cha Wagurung, kilianza kupokea wageni majumbani mwaka 1997. Mgeni hachagui nyumba wala nyumba haigombei mgeni. Kamati ya kijiji inapanga kwa zamu. Ni upatu, ila kinachozunguka si pesa bali ni watu. Mwenye msiba anarukwa, mwenye mavuno anarukwa.

Kuhusu fedha sitakawia. Viza ya siku kumi na tano ni dola 30, na Bhaktapur humtoza mgeni kiingilio ambacho manispaa hukitumia kutunza majengo yake. Hizo unajua zinakwenda wapi. Sehemu kubwa ya malipo hubaki kwa wakala wa hapa na mwenzake wa kule, na kundi dogo hulipa zaidi kwa kichwa. Anayetaka kusaidia tu, atume fedha.

Tena hao tunaokwenda kuwatazama, wengi hawapo nyumbani. Fedha zinazotumwa na Wanepali walio ughaibuni ni zaidi ya moja ya tano ya pato la taifa lao. Ndege utakayounganisha Doha itakuwa imejaa vijana wanaorudi kutoka kwenye ujenzi na ulinzi, na kwa mtu mwenye ndugu Muscat, saa zile tano angani zinaweza kuwa mazungumzo bora ya safari nzima. Hayamo kwenye ratiba.

Mwisho wa hesabu, nilimrudishia dada yule karatasi ikiwa imechorwachorwa. Pokhara nimeitoa: ni kama kilomita 200 kutoka Kathmandu, umbali wa Dar na Morogoro, lakini barabara ya milimani hula saa saba na zaidi. Lumbini nimeitoa, kwa uchungu, maana ndiko alikozaliwa Buddha. Nimeweka usiku nne katika kijiji kimoja. Wakala akajibu kwamba bei haishuki, na kwamba wateja watalalamika hawajaona kitu.

Mweka hazina aliisoma karatasi yote, akanitazama juu ya miwani. “Usiku nne. Na siku ya tatu wakitupa jembe kweli?”

Nikamwambia tutalima. Akauliza kule wanalima nini. Mahindi, nikasema, na ulezi.

“Ulezi naujua,” akasema. Hajasaini bado.